Vidonge vya Kuingia Shambani

Mama yangu alikuwa anamwaga maji mengi kila atokapo msalani. Nilikuwa nimefika Wamaza kumsalimia, nikitoka Salamabila ninakouza vitenge, na jambo lile halikunikaa vizuri. Siku ya pili nikaingia kabla hajamwaga. Nikakuta damu sakafuni.

Akasema ni kichocho tu, watu wa mtoni wote wanacho. Muuguzi wa kijijini naye akasema kichocho, akampa dawa bila hata kupima. Damu ikarudi. Yule muuguzi sikumwamini tena, hata salamu yake ilinikera. Nikampakia mama kwenye pikipiki hadi hospitali ya Kasongo.

Daktari alimpima kwa ekografi, mashine ya kuonyesha picha ya tumboni, akaona uvimbe kwenye kibofu. Akamuuliza anakunywa dawa gani. Mama akajibu hakuna. Akaulizwa tena, akaapa.

Wala hakuwa anadanganya. Kwetu dawa ni ya mgonjwa. Vidonge vya kuingia shambani si dawa: viwili asubuhi na chai, viwili akitua kikapu cha mihogo, mgongo ulegee. Miaka na miaka. Wanawake huombana kama chumvi.

Mimi nilishamshuku kila mtu. Muuguzi, maji ya mto, wachuuzi wanaoanika vidonge juani bila boksi wala jina. Kujishuku mwenyewe, ng'o! Na vile vidonge nilikuwa nanunua mimi, kopo zima kila safari, palepale Salamabila wanaponunua wachimba dhahabu kabla ya kushuka shimoni.

"Dokta, kila siku anakunywa vidonge vya maumivu," nikasema. "Ni mimi niko namuletea."

Hakunikaripia. Alisema lazima kipande cha uvimbe kikatwe kipimwe, huenda ni kansa. Alisema kuna vidonge vya zamani vya maumivu vilivyopigwa marufuku kwa sababu viliharibu figo na kuleta kansa kwenye njia ya mkojo. Vya siku hizi hawezi kuapa kwamba navyo vinaleta hayo, na visivyo na jina nani ajuaye ndani mna nini. Aviache leo. Nilimkazia macho, nikihisi kuna neno la lawama analimeza.

Mama akamshika daktari mkono.

"Usimugombeze mutoto wangu, dokta. Ile haiko dawa. Ni vile alikuwa ananikumbuka."

Heri angenitukana.