Nilivyoacha Kibanda Gikomba Nikaenda Kliniki ya Kanjo, na Chupa ya Bia Iliyonifundisha Kazi

Wakuu, na hasa nyinyi vijana mnaouliza humu kila wiki kama mtu aache biashara aende kazi ya serikali.

Kaeni chini. Mimi ni nyanya wa watu, nimesoma mpaka darasa la tatu, na simu hii naandika kwa kidole kimoja. Nitasema yaliyonipata bila kutia chumvi. Chumvi mimi huipima, na mtaona kwa nini.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa na kibanda Gikomba, upande wa mafundi wa bati. Nauza sufuria, karai, koroboi. Nyumba yangu Majengo. Biashara ilikwenda, msije mkasema nilikimbia njaa.

Siku moja akaja Sista Nyambura, muuguzi mkuu wa kliniki ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, karibu na kwetu. Akanikuta nabishana na mteja. Namwambia asiichukue sufuria ile, pilau ya watu ishirini haitaingia. Mteja akakasirika, akaenda zake.

Sista akacheka. Akaniambia anatafuta mhudumu wa kufundisha akina mama, na mtu anayemkatalia mteja kwa faida ya mteja ndiye anayemtaka.

Nikaenda. Kibanda nikamwachia wifi yangu, Mwanaisha. Shukrani yake ilikuwa hii, mbele ya soko zima: "Wifi, umeacha kuuza karai, umeenda kuosha karai."

Nikameza.

Kazi yenyewe ilikuwa watoto wanaoharisha. Wakati wa mvua mtoto anaamka mzima, jioni macho yameingia ndani. Dawa ilikuwepo, pakiti ya unga wenye chumvi na sukari. Unachanganya na lita moja ya maji safi, unamnywesha kidogo kidogo.

Sasa lita ni nini kwa mama asiye na kipimo? Kliniki ilikuwa imeshaamua. Chupa ya bia ni nusu lita, basi chupa mbili za bia.

Kila asubuhi nasimama mbele ya benchi nasema, chupa mbili za bia, pakiti moja. Akina mama wanaitikia. Wanachukua pakiti, wanakwenda.

Na watoto wa Majengo wanarudi wamekauka kuliko walivyoondoka. Sista akaanza kusema wanawake wa Majengo ni wabishi. Mimi nami nikawagombeza, maana ni watu wangu, waliniaibisha.

Mpaka siku aliyoletwa mtoto wa Salma.

Salma alikuwa jirani yangu, mlango wa pili. Mtoto ukimbana ngozi ya tumbo, ngozi hairudi. Sista akamtundikia dripu. Mimi nikafungua fundo la leso ya Salma, nikakuta pakiti tatu. Hata moja haijafunguliwa.

Nikamuuliza kwa ukali, wataka kumuua mwanao?

Akaniangalia. "Mama Zuhura, chupa ya bia naitoa wapi? Baba mkwe ni muadhini. Kwani kwako wewe ziko ngapi?"

Wakuu, nikazihesabu kichwani.

Kwangu haikuwepo hata moja. Haijawahi kuingia. Miezi mitatu nafundisha jambo nisiloweza kulifanya jikoni mwangu, na wala sikuligundua! Na waliojaribu walipima kwa kikombe cha chai, dawa ikawa kali, ikamzidishia mtoto.

(Msiniulize habari ya soda. Chupa ya soda haifiki nusu lita, na kwetu soda ilikuwa ya Idi.)

Nikamwendea Sista ofisini. Nikamwambia, "Sista, wabishi ni sisi."

Nikamweleza. Kisha nikamweleza kitu kimoja ambacho muuza sufuria anakijua. Hakuna nyumba isiyo na sufuria. Basi tusimtafutie mama kipimo, tukiweke kipimo ndani ya sufuria yake.

Nikaenda Gikomba nikamleta fundi Mutua na nyundo yake. Tukatangaza, kila mama aje na sufuria moja.

Walikuja! Laini ilitoka nje ya geti, sufuria vichwani, wa Majengo na hata waliookoka wa Shauri Moyo, ambao nao kumbe chupa zile hawakuzitaka. Watu wa mikokoteni wakauliza harusi iko wapi.

Sista anamimina lita moja kwa jagi la kliniki. Mutua anagonga alama ndogo mahali maji yalipofika. Sufuria haitobolewi, inabonyezwa tu. Mama anajaza mpaka kwenye alama, amemaliza masomo.

Siku ya tatu akaja daktari mkubwa kutoka ofisi za mjini. Akauliza ni nani ameruhusu kugonga nyundo kwenye kliniki ya serikali.  Nikajitokeza mimi.

 Daktari akachukua sufuria ya Salma, akaijaza mpaka kwenye alama, akayamwaga maji kwenye jagi. Lita. Akachukua ya mwingine. Lita.

"Umesomea wapi haya, mama?"

"Gikomba."

Mvua zilizofuata nilikuwa nimeazimwa kliniki nyingine, mimi na Mutua na nyundo. Mtoto wa Salma sasa ana watoto wake wa kumsumbua.

Na wifi yangu? Alikuja na sufuria yake kama watu. Nilimwona. Nikamwacha apange laini.

Funzo ni hili. Ukitoka biashara, usiache akili yako sokoni. Na kabla hujamwita mtu mbishi, jaribu kwako lile unalomwambia. Aliyewahi kufundisha asichokifanya aandike hapa chini, tusikie. Matusi sitaki.

Sufuria yangu yenye alama ya Mutua bado iko, imetundikwa ukutani. Wakwe na wajukuu wote nimewapa amri moja. Sufuria ile haipikiwi. Akija mtu kuiazima, muulizeni kama ana mtoto anaharisha. Kama hana, mpeni nyingine.