Posa iliyokwama kwenye barabara ya moto: mshenga nilikuwa mimi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo poleni na majukumu.

Naandika nikiwa nyumbani Iyunga, Mbeya, kwenye kochi ambalo limeshachukua umbo langu. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho, na mengine yalinipata shavuni. Anayetaka chai, hadithi za kutunga, humu jukwaani zipo nyingi, apite uzi mwingine.

Mimi ni mtu wa ndani. Form four nilimaliza, nikapata division ambayo mama hajawahi kuitaja mbele ya wageni, nikawa fundi simu kwenye baraza langu mwenyewe. Sokoni naenda mboga ikiisha, tena mpaka na chumvi iwe imeisha.

Ndiyo maana nilishangaa kuchaguliwa kuwa mshenga.

Sababu ilikuwa hii. Tumaini ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama, kule vijijini Mafinga kwenye mashamba ya miti. Rehema ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, kijiji hicho hicho. Wao wawili si ndugu, ila mimi ni ndugu wa wote.

Mashamba ya baba zao yanapakana, paina kwa paina, na wazee hao walikuwa hawasalimiani. Kanisani mmoja alikaa upande wa kwaya, mwingine karibu na mlango. Kwenye sadaka walipishana kama malori ya mbao kwenye daraja jembamba.

Mjomba akanipigia. "Mjomba, wewe hutoki nje, kwa hiyo huna adui. Utatufaa."

Sijawahi kusifiwa hivyo kwa uvivu.

Wasiojua mambo ya miti niwafafanulie. Kati ya shamba na shamba unaachwa ukanda mtupu, tunauita barabara ya moto. Kila mwaka kabla kiangazi hakijakaza, majirani wanaufyeka na kuulima pamoja mpaka ubaki udongo, ili moto ukija ukose cha kula.

Sasa mwaka mmoja Baba Rehema aliona mjomba anachelewa kuja. Akaamua kuchoma nyasi za ule ukanda peke yake, bila kumwambia. Upepo ukageuka. Kona nzima ya paina za mjomba ikaondoka.

Mjomba akasema umenichomea. Baba Rehema akasema ungekuja kufyeka nisingechoma.

Tangu hapo hakuna aliyeugusa. Maana atakayeanza kuusafisha, kijiji kizima kitasema huyo ndiye amekubali kosa. Nyasi zikafika kiunoni, wazee wanazitazama tu, kila mmoja akiwa kwake.

Na humo humo kwenye nyasi ndimo Tumaini na Rehema walimopendana. Palikuwa mahali pekee ambapo baba zao hawakanyagi.

Kwetu posa inaenda na jembe jipya, halina mpini. Likiingizwa ndani mmekubaliwa. Likirudishwa nje ya mlango, mwenyewe jiongeze. Nikapanda basi pale Iyunga na jembe langu limefungwa gazeti. Konda akauliza naenda kulima au kuua. Nikamwambia nitajua nikifika.

Shangazi alinipokea vizuri sana. Baba Rehema akaliangalia jembe, akaliangalia tena, akaliweka kwenye kizingiti. Nusu ndani, nusu nje.

"Nitaliingiza," akasema, "siku baba yake Tumaini atakapolitumia kusafisha ile barabara aliyoitelekeza."

Nikapita kwenye nyasi kwenda kwa mjomba. Mjomba akajibu kwamba aanze kulitumia aliyewasha moto. Nikarudi na jibu. Nikatumwa tena. Wakuu, mazoezi yangu ni kutoka kochini kwenda jikoni. Nilizunguka kati ya nyumba mbili mpaka mbwa wa pande zote wakaacha kunibwekea.

Aliyechoka kwanza ni Rehema. Asubuhi aliokota jembe pale kizingitini, akampa Tumaini alitie mpini. Wakaingia kwenye ukanda, yeye na panga, Tumaini na jembe. Mimi nilibeba maji, kazi inayolingana na kipaji changu.

Kufika mchana nusu ya barabara ilikuwa udongo mtupu. Rehema akaja kunywa maji, jasho linamtiririka.

"Kaka, wakikuta imeshasafishwa, watagombania nini tena?"

Nilimwamini kabisa.

Wazee walifika kwa wakati mmoja, ila hawakuja pamoja. Mjomba akamuuliza Tumaini kama ameajiriwa na aliyemchomea miti. Baba Rehema akamwambia binti yake kwamba amemtangazia kosa mbele ya kijiji. Maneno yakapanda, fimbo ikainuka. Ilikuwa ya nani na ilikuwa inamwendea nani, mpaka leo sijui. Niliingia katikati kwa sababu nilidhani ndiyo kazi ya mshenga, na shavu langu ndilo lililoipokea.

Kila mzee akaondoka na mtoto wake. Nusu ya barabara ikabaki na nyasi.

Nikarudi Mbeya, jembe mkononi, uso umevimba upande mmoja. Konda hakuuliza kitu.

Rehema akahamia Mgololo kwa mama yake mdogo, akaanza kupika maandazi. Tumaini alimfuata. Akaambiwa aje na baba yake. Baba yake hakutaka kusikia.

Kiangazi kilipokaza, moto ukaanzia mbali, kwa mtu asiyewahusu kabisa. Ukamaliza shamba la mjomba. Ulipofika kwenye ile nusu iliyosafishwa ukasimama. Ukafuata pembeni pembeni mpaka ukakuta nyasi. Hapo ukavuka, ukamaliza na la Baba Rehema.

Nilipofika kuwapa pole niliwakuta wazee wamekaa kwenye ile nusu ya udongo, masizi mwili mzima, wanakunywa maji kwenye dumu moja.

"Mjomba," mjomba akaniita, "lile jembe bado unalo?"

Nikasema ninalo.

Baba Rehema hakuinua macho. "Mpelekee Rehema. Mwambie nimeliingiza. Mwambie tutafyeka wote."

Nikalifuata jembe nyumbani, nikaenda nalo Mgololo. Rehema akanipa kigoda na maandazi ya moto, akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Kaka, mimi nilimwomba baba afyeke nyasi tu," akasema. "Sikumwomba shamba liungue ndiyo anisikie."

Nikauliza nimwambie nini Tumaini.

"Mwambie nilimpenda. Na mwambie nimechoka."

Akafuta mikono, akamgeukia mteja.

Sasa hivi wazee ni marafiki, wakuu. Kanisani wanakaa benchi moja. Kila mwaka wanafyeka ile barabara wawili, ni safi mpaka inauma, huku na huku kuna miche isiyofika goti. Tumaini anapakia mbao mjini Mafinga. Akinipigia haulizi habari za Rehema, anauliza kama bado anapika maandazi.

Nilichoondoka nacho ni kimoja. Wazee wale walidhani wana muda wa kununiana, na kweli walikuwa nao. Watoto wao ndio hawakuwa nao.

Waliowahi kuwa washenga wa familia zisizosalimiana, njooni mseme yenu. Na wanaojua mila vizuri wanisaidie: hili jembe limeegemea ukuta hapa, mpini wa Tumaini bado umo. Nalirudisha kwa nani?