Uvimbe Kwanza, Kisha Mtoto

Nilikuwa nimepita miaka arobaini daktari aliponiambia kwamba mayai yangu yamechoka. Mimi na mume wangu tungeweza kupata mtoto kwa yai la mwanamke mwingine, lakini kwanza niondolewe uvimbe kwenye mji wa mimba.

"Huu mmoja umejitokeza ndani," alisema, akinionyesha kwenye skrini. "Umekaa pale pale mtoto anapotakiwa kujishikiza."

Mama yangu alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Migosi, kutoka kijijini, Asembo. Tulipomweleza, aliuliza:

"Na huyo mtoto atakuwa wa nani?"

"Wa huyu atakayembeba, Mama," mume wangu alimjibu.

Hata hivyo, Mama hakurudi kijijini mpaka nilipopasuliwa.

Nilipopata nguvu, daktari alinionyesha picha kwenye simu yake: donge jeupe, gumu, kubwa kama avokado, na mengine madogo kando. Niliitazama kwa muda mrefu. Miaka yote nilitoka damu nyingi, nikienda kushona nguo kibandani kwangu Kondele nimevaa sketi nyeusi tu ili damu isionekane, nikidhani ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe mwili wangu ulikuwa unalisha kitu nisichokijua.

Tulingoja miezi kadhaa kidonda cha ndani kipone. Hedhi ya kwanza ilipokuja kidogo, bila maumivu, nilimweleza mume wangu kama mtu aliyepata barua ya kazi.

Siku ya kupandikiza yai lililorutubishwa kwa mbegu za mume wangu, nililala macho yakiwa kwenye skrini. Kinukta cheupe kikateremka, kikatulia.

"Ni hicho," daktari alisema.

Mwanamke nisiyemjua, asiyenijua, alikuwa ametoa mwanzo wa mtu, na mimi nimepewa kuuendeleza.

Mimba ilishika. Kwa sababu ya kovu, daktari hakutaka nisukume, akanizalisha kwa upasuaji. Msichana.

Mama alikuja tena, na ndiye aliyemwogesha nyumbani. Nilimwona akimkagua masikio, vidole, paji la uso, akitafuta mfano wa mtu wa kwetu. Nikauliza kutoka mlangoni kama maji si moto sana. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, akageuza kichwa upande wangu.

Mama akanitazama, mkono wake ukiwa bado majini.

"Sauti yako anaijua," akasema polepole.

Akamfunika taulo, akaniletea.

"Mchukue. Anamtaka mama yake."