Supu ya Miguu na Bega la Mchinjaji

Kwa miaka mingi katika bucha yangu ya mtaa wa Majimbo, nimeuza miguu ya ng'ombe kwa uongo mmoja. Mteja akilalamikia goti, namwonyesha kano nyeupe zilizo juu ya kwato na kumwambia, "Kano hujenga kano. Chemsha, kunywa, utaruka kama ndama." Hata mama mkwe wangu nilimuuzia hivyo hivyo, bila haya. Miguu isiyonunuliwa niliwatupia mbwa. Sikuwahi kujiuliza kano hufanya kazi gani mpaka yangu ilipochanika begani, wiki sita kabla ya Idi ya kuchinja.

Mtaani kwetu mimi ndiye huchinja. Watu wakitoka kuswali hunisubiri na mbuzi wao, na nilikuwa nimeapa kwamba kisu hicho hakitashikwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu anayemshika mbuzi kana kwamba anamwomba radhi. Kila Idi nilimcheka mbele za watu. Basi bega lilipovimba kwa kupiga panga juu ya gogo mchana kutwa, sikuogopa maumivu. Niliogopa uso wa shemeji.

Mke wangu alisema nilipumzishe. Nikamjibu kwamba nyama ngumu hulainishwa kwa moto na kipigo. Nani amewahi kuilainisha kwa kuilaza? Nikalikanda kwa maji moto, nikasuguliwa mafuta na kila jirani mwenye vidole. Uvimbe ukazidi. Nikaenda duka la dawa la pale kona, ambako mwenyewe huvaa koti jeupe hata akifagia. Akanidunga sindano ya bega.

"Hii itaua uvimbe yote, mzee. Kesho uko kazi."

Na kesho yake nilikuwa kazini kweli! Halikuuma hata chembe. Siku nane nilipasua mifupa nikiimba, nikamtumia shemeji salamu kwamba aendelee kuuza viatu vyake. Siku ya tisa nilinyanyua panga, kitu kikakatika ndani ya bega, nalo panga likaanguka karibu na kidole changu cha mguu.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa Kiembu, rika la kitinda mimba wangu. Aliitazama picha ya bega akatikisa kichwa.

"Mzee, hiyo uvimbe ulikuwa unafukuza ya nini? Hizo ni seli za kinga zimekuja kazi. Kwanza zinakula nyuzi zimekufa, ndio unasikia moto. Zikimaliza zinabadilika, zinaita zile za kushona nyuzi mpya. Wewe umezinyamazisha na sindano, alafu ukarudi kukata mifupa na kano haijashonwa."

"Na zikikataa kuondoka?" nikamuuliza, maana hata mjinga ana siku yake ya kuuliza swali la maana.

"Hiyo pia ni shida, kano inajaa kovu. Zinataka wakati yake, mzee, si haraka yako."

Niliona aibu. Nimekata kano maisha yangu yote, na sikujua kwamba uvimbe una kazi.

Siku ya Idi nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa leso ya mke wangu. Shemeji akashika kisu. Alimlaza mbuzi vile vile, kana kwamba anamwomba radhi, na mbuzi akatulia. Chini ya mkono wangu hakuna mbuzi aliyewahi kutulia hivyo. Niliumia kuliko nilivyoumia begani.

Jioni alikuja kwangu na sufuria ya supu ya miguu. Nilijiandaa kuchekwa, ilikuwa haki yake.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Kano hujenga kano. Si ndivyo ulikuwa unaambia mama?"

Nilimtazama nikitafuta kejeli, sikuiona. Alikuwa anaamini. Mama yake, aliyeinywa supu hiyo miaka minne, alikuwa ameketi mlangoni na magongo yake mawili, akinihimiza ninywe ingali moto.

Nikanywa.