Kokwijuka na Karamu za Njuka

Kokwijuka binti Polikarpi hakuwa mpole, na wanaomsifu leo kwa upole hawakusoma naye. Mimi nilisoma naye. Mwaka 1984 yeye alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu kilichokuwa juu ya kilima huku kwetu Karagwe, na mimi nilikuwa njuka, yaani mwanachuo mpya, mtu wa kuchotea wakubwa maji na kuchekwa bwaloni.

Alizaliwa Nkwenda, kwa watu wa kahawa na migomba. Vita vya 1978 vilimkuta anamaliza darasa la saba, na baba yake akaona heri aolewe kabla mambo hayajaharibika zaidi. Kokwijuka alijifungia jikoni, akakataa kutoka hadi wageni wa posa walipobeba mtungi wao wa rubisi, pombe ya ndizi, wakaenda zao. Mwaka uliofuata akaingia sekondari. Watu walisema ana kiburi. Kweli alikuwa nacho, na sisi njuka wake kilitufaa kuliko godoro.

Pale chuoni kila mwanachuo wa mwaka wa pili alipewa njuka wa kuwalea. Kulea gani huko! Wengi walichotaka ni kufuliwa mashuka. Kokwijuka alipewa watatu: mimi Immaculata, Deodatha wa Kimuli, na msichana mwembamba wa Kamuli aitwaye Kantengwa. Siku ile ile alituzungusha chuo kizima akatuonyesha bomba lisilokauka, choo chenye mlango, na mpishi ambaye ukimpa shikamoo ya heshima anakuongezea maharage. Kisha akasema, "Sheria yangu ni moja. Ukichekwa, rudia kwa sauti." Tulidhani anatania.

Wazazi wa Kantengwa walitoka Rwanda zamani, wakawa wanalima vibarua katika mashamba ya wenzao. Baba yake, mzee Gaspari, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kuwa binti yake anakwenda kuwa mwalimu. Nyumbani kwao kalamu huitwa ikaramu. Na kwetu sisi Wanyambo ni ekaramu. Sasa niambie, ulimi uliokulia hapo utaitoa wapi hiyo kalamu yenu?

Wiki ya kwanza tu, Projest wa mwaka wa pili, kijana aliyejiona wa mjini kwa sababu ya suruali yake, alimpandisha Kantengwa juu ya benchi wakati wa chakula cha mchana.

"Sema: kalamu yangu imelala."

"Karamu yangu imerara," Kantengwa akasema.

Bwalo likalipuka. Waligonga sahani na vijiko wakiimba, "Karamu! Karamu! Leteni wali!" Msichana alibaki amesimama pale juu, mikono imemganda. Nilikasirika. Lakini nilikaa kimya, kama njuka wengine wote.

Kokwijuka hakukaa kimya. Alisukuma sahani yake, akapanda kwenye benchi ile ile, akasimama bega kwa bega na mtoto wa watu.

"Mimi Kokwijuka wa Nkwenda!" akapaza sauti. "Ninakura ndizi, ninarara bweni ra tatu, na mtihani wa mwaka wa kwanza nimefauru kuriko wewe, Projest! Nani bado anacheka?"

Waliocheka walikuwa wachache, na hao nao walikoma. Ila kwa Kantengwa maji yalishamwagika. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo darasani. Akiulizwa swali, anasimama, anainama, anakaa. Kila alipopita, kuna aliyenong'ona "karamu."

Mkufunzi wetu wa Kiswahili, Mwalimu Egbert, alikuwa mzaliwa wa Kimuli, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno moja la Kinyambo. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alimwita Kantengwa mbele yetu akamwambia, "Mazoezi ya kufundisha yanakuja. Asiyesema hafundishi, na asiyefundisha anarudi kwao. Umenielewa?" Kantengwa akaitikia kwa kichwa. Jioni nilimkuta anakunja nguo zake. Alisema afadhali arudi akachume kahawa za watu kuliko kungoja kufukuzwa.

Kokwijuka akazikunjua zile nguo moja moja. "Kwenu utarudi ukiwa na cheti," akasema. "Chukua jembe, twende."

Chuo kilikuwa na shamba la migomba tulilolima kila jioni. Akamsimamisha Kantengwa mbele ya mstari wa migomba na kumwambia, "Wafundishe hawa. Hawana meno ya kucheka." Siku za mwanzo ilikuwa minong'ono tu. Kisha tukaanza kumsikia tukiwa mstari wa tatu, halafu tukamsikia tukiwa barabarani. Mimi na Deodatha tukaketi chini tukawa wanafunzi wake, na tulikuwa watundu makusudi. Akikosea, Kokwijuka hakumrekebisha hata mara moja. Akisitasita tu, alipigiwa kelele: "Rudia! Kwa sauti!"

Siku ya mazoezi ilifika. Kantengwa alipewa darasa la pili katika shule ya msingi iliyo chini ya kilima. Sisi tuliketi nyuma kumtazama, Projest akiwemo, na Mwalimu Egbert mbele yetu na wino wake mwekundu.

Kantengwa aliwaamkia watoto, akaandika tarehe ubaoni, akageuka.

"Toeni karamu zenu."

Watoto wote wakatoa kalamu. Hakuna aliyeuliza wali uko wapi. Walikuwa watoto wa hapa hapa.

Projest akaguna kwa kicheko. Mwalimu Egbert akagonga dawati. "Rudia neno hilo."

"Karamu," Kantengwa akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Rudia!"

Nilishika mkono wa Deodatha. Kantengwa alimtazama mkufunzi, kisha akaugeukia ubao. Akaandika KALAMU, akachora kalamu. Chini yake akaandika KARAMU, akachora sahani imejaa, na mvuke juu.

"Hii tunaandikia," akawaambia watoto. "Hii tunakura tukashiba. Mdomoni mwangu zinatoka sawa. Kwenye daftari zisiwe sawa. Nani atakuja kunionyesha ya kuandikia?"

Mikono ikajaa hewani. Walipogeukia madaftari, alipita dawati kwa dawati, na hakukuta aliyekosea.

Nje, baada ya kengele, Mwalimu Egbert alimpita Kantengwa kama hamwoni, akaenda moja kwa moja kwa Kokwijuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Wewe ndiye uliyemfundisha ukaidi huu?"

"Shikamoo, mwarimu. Ndiye mimi."

"Mbele ya darasa! Mbele yangu!"

"Ndiyo, mwarimu. Watoto wameerewa, umeona mwenyewe. Sisi tunaomba jambo moja tu, utuambie sasa hivi, na mwenyewe yupo hapa anasikia. Amefauru au hakufauru?"

Kantengwa alikuwa nyuma yake, chaki bado mkononi. Mkufunzi alitazama karatasi yake, akatutazama sisi, hasira ikampanda mpaka kichwani.

"Amefauru!" akafoka.

Aliusikia ulimi wake mwenyewe. Akakunja karatasi, akapanda kilima bila kugeuka nyuma.