Chumvi Niliyotuma Pologne

Kwetu Bukavu, mu Congo, neno bouton iko na kazi mbili. Kuna ile ya kufinya ku mashine, na kuna ile kipele inamutoka mutu ku uso. Basi wakati redio zote zilianza kusema ya kwamba ule mukubwa wa Urusi anaweza kufinya bouton, mama anayeniuzishia mboga ya lengalenga mu soko ya Nyawera aliniuliza na moyo wote: "Maman, sasa batu banaogopa nini? Akifinya bouton yake si njo itapona?"

Nilicheka mupaka nikaweka kikapo chini. Halafu nikamweleza ni bouton gani: ile ya bombe atomique. Akaacha kufunga lengalenga, akataka kujua kama ile moto inaweza kufika hapa. Nikamwambia hapa hapana, lakini mutoto wangu iko karibu nayo. Akaniongezea fungu moja.

Nilizaa mutoto mumoja tu, binti. Alikuwa Ukraine anasoma udaktari, mwaka wa ine, wakati vita iliingia. Alitoka na treni, akasimama ku mupaka siku mbili mu baridi, wazungu wanapita, weusi wanarudishwa nyuma, mwishowe akaingia Pologne, inchi ya jirani, na sanduku moja na viatu vilivyojaa maji. Chuo kimoja cha kule kikamupokea aendelee. Hiyo yote alinieleza kisha, na sauti ya kawaida kabisa, sawa mutu anayeeleza safari ya Bunyakiri wakati wa mvua. Mimi njo nililia, tena si kidogo.

Mimi ni infirmière, muuguzi wa hospitali, na niko retraite, nilishaacha kazi. Jirani yangu alifundisha historia mu université, naye iko retraite, muzee mwenye suti moja na redio mbili. Watu wote wa quartier wanamuita Prof. Kila siku ya Yenga kisha misa alikuwa anakuja kwangu kunywa chai, tunasikiliza habari. Mwanzo walisema ile vita itaisha juma moja. Haikuisha. Maaskari wa ule mukubwa walikwama njiani, wakaacha magari yao ya vita mu matope, wakaanza kurudi nyuma. Watu wengi hapa walifurahi, ju sisi kuvamiwa tunakujua, hatuhitaji kuelezwa. Mimi sikufurahi. Nilikuwa ninakata mukate, nikamwambia Prof: "Sasa njo mimi ninaanza kuogopa."

Akaniuliza sababu. Nikamwambia, umefundisha historia miaka yote ile na unaniuliza mimi? Hapa kwetu nani asiyejua? Maaskari wanaoingia unaweza kuwafungia mulango, ukangojea, ukaona. Wale wanaokimbia njo wanavunja mulango. Mutu mwenye kushindwa hana haya tena. Na huyu iko na bouton.

Prof alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Uko na raison, maman, ni kweli," akasema.

Toka ile siku nilianza wimbo wangu. Kila mara binti yangu akinipigia, mbele ya kumusalimia vizuri: rudi.

"Nimebakiza mwaka moja na nusu, maman."

"Utamalizia hapa."

"Hapa wapi? Bukavu? Uko unaniita nikimbilie Bukavu?" Akacheka, na ile kicheko iliniuma.

"Hapa hakuna mutu anatutisha na bombe atomique," nikamwambia. "Hapa kwetu ni bunduki tu." Nilisema vile kwa kinywa yangu mwenyewe, na nilidhani nimeshinda mabishano. Akaniambia basi, maman, pumzika. Mimi nikamuita kichwa ngumu. Hiyo kichwa aliitoa kwangu, baba yake marehemu alikuwa mutu mupole.

Siku moja alinieleza, hivi tu kati ya habari zingine, ya kwamba serikali ya kule imegawa vidonge vya iode, ile madini ya mu chumvi, mu miji yote. Viko kwa wazima moto. Moshi ya sumu ikikuja, kila mutu atakwenda kuchukua yake, ju iode inajaza ile tezi ya shingo na sumu inakosa fasi ya kukaa. Alidhani ananituliza.

Iode! Nilipokuwa musichana nilitumika na timu moja ya madaktari upande wa Lwiro. Tulizunguka vijiji, tukavuka ziwa mupaka Idjwi, ju kule watu walikuwa wanavimba shingo kwa kukosa iode mu chakula. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mutu na kupima shingo yake na vidole gumba viwili. Nimeshika shingo nyingi kuliko kinyozi. Kisha tulikuwa tunapiga sindano ya mafuta yenye iode, na miaka iliyofuata tukafundisha wamama kununua chumvi yenye iode. Ata leo, mu misa, wakati wa kupeana amani, macho yangu inaanzia ku shingo ya mutu. Na sasa mutoto wangu mimi apange mustari kwa wazima moto, angojee kidonge moja?

Nilikwenda duka ya karibu na parokia, nikachukua sachet kumi za chumvi, zile pakiti ndogo. Nilisoma ku kila moja kama iode iko. Nikatia zote mu kitenge kipya, nikashona kitenge pande zote. Kulikuwa sista mumoja wa kwetu mwenye kwenda mukutano wa shirika lake kule Pologne, nikamubebesha. Mu kitenge nilitia pia karatasi, niliandika na herufi kubwa: kijiko moja ku kila chakula, bouton ikifinywa, vijiko vitatu.

Prof alinikuta nashona. Akauliza ni nini ile. Nikamwambia ni dawa ya bombe. Alifungua kinywa, akaangalia sindano mu mukono yangu, akafunga kinywa.

Juma mbili zilipita. Binti yangu akapiga na video, na sachet kumi zilikuwa ku meza yake, amezipanga mustari moja.

"Maman. Polisi wa aéroport, pale ndege inatua, wamefungulia sista sachet kumi za unga mweupe zilizoshonwa ndani ya kitenge."

Nikasogeza simu karibu na uso.

"Bamemushika muda wa masaa mbili. Anabaeleza ni chumvi, hawasikii. Bakapiga ile karatasi yako picha na téléphone, itafsiriwe. Bouton ikifinywa, vijiko vitatu. Bakaita mukubwa wao."

"Sista iko muzima?"

"Sista hataki kusikia jina lako." Alikuwa amekasirika kweli, niliona pua yake imevimba. "Na we ni infirmière. Ili iode ya chumvi ifikie ile ya kidonge moja, nikule kilo ngapi? Ningekufa na chumvi mbele bombe ifike. Wewe unajua hii."

Nilijua. Wakati nilikuwa nashona ile kitenge nilijua kabisa. Nimefundisha wamama wa Idjwi na wa Kalehe ni kiasi gani cha iode kiko mu chumvi, kitu kidogo tu, cha kila siku, cha kumaliza miaka. Si cha moto. Lakini mutoto wangu alikuwa karibu na mutu mwenye kushindwa, na sikuwa na kitu ingine mu mukono. Nilimwambia vile vile: niliogopa. Niliogopa kupita vile nimeogopa hapa kwetu, ju hapa angalau najua nikimbilie chumba gani.

Alichukua sachet moja, akaigeuza, akasoma fasi imeandikwa iode. "Sawa," akasema, "nitatia mu maharagi."

Bouton haikufinywa. Kila miezi kadhaa ule mukubwa alisema tena neno la bombe, redio zikashika moto, kisha zikapoa. Mama wa lengalenga alikuwa ananiuliza, "Ile kipele ya muzee?" na mimi namujibu, "Bado iko nayo." Mimi sikuacha wimbo wangu. Rudi, rudi, rudi. Prof alisema ningeweza kuuimba mu chorale ya misa. Binti yangu alimaliza masomo, akapata karatasi yake ya udaktari, akakaa kidogo kutumika, na mwishowe njo akasema: maman, umeshinda, Pasaka nitakuwa kwako. Nilipaka chumba chake chokaa nyeupe. Nilinunua matelas mupya ya kitanda na chandarua. Alisema amebakiza sachet moja ya chumvi, atarudi nayo, nione ya kwamba alinitii.

Pasaka ilikuwa bado mbali wakati zamu ikafika kwetu. Waasi walishuka kutoka upande wa aéroport yetu, na maaskari waliokuwa mu muji wakaanza kuondoka. Ilikuwa siku ya Posho, ile ya mbele ya Yenga, muchana, jua kali. Yale nilimwambia Prof na kisu ya mukate mu mukono niliyaona moja moja. Waliopaswa kutulinda walipita wakikimbia, na wakikimbia wakavunja. Depo zikafunguliwa, watu wakapita na mifuko ya unga ku kichwa, risasi zinalia juu yao. Prof alivunjiwa mulango, akaja kwangu na suti yake na redio mbili. Tulikaa chini mu couloir, ile njia ya ndani kati ya vyumba, ju pale kuna kuta mbili kati yako na barabara. Mu Bukavu kila mutoto anajua hiyo.

Simu ikalia.

"Maman, toka pale."

"Nitoke niende wapi?"

"Vuka Ruzizi, uingie Rwanda."

"Na hizi miguu?"

Kitu kikalia inje. "Hiyo ni nini?" akauliza.

"Mulango," nikamwambia. Haikuwa mulango, na yeye alikimbia vita moja tayari, hakudanganyika. Nilimusikia anavuta pumzi. Halafu akasema kitu ambacho Prof pia alikisikia, ju alianza kuchunguza redio yake iliyokuwa imezimwa.

"Wewe ulinitumia ata chumvi. Sasa mimi nikutumie nini?"

Alikuwa analia, daktari muzima, na nilijua ile kulia, nililia vile vile wakati alikuwa ku mupaka na viatu vyenye maji.

"Nakuja," akasema. "Nabadilisha billet ya ndege, sitangojea Pasaka. Nitapitia Kigali, nitafika mu siku tatu, nitakutoa mwenyewe."

Mulango wa chumba chake ulikuwa wazi mbele yangu. Matelas ilikuwa ingali mu plastiki yake. Zaidi ya miaka mbili nilikuwa nimeomba hiyo neno, nakuja, nimeiomba kwa Mungu na kwa Bikira Maria, nimetukana mutoto kwa kuinyima, na sasa aliniletea bure.

"Usikuje," nikamwambia.

"Maman?"

"Bakia kule."

"Kule wapi? Ule muzee bado iko na bouton yake."

"Najua. Bakia kule kule."

Réseau ya simu ilikuwa inakatika, ikabidi niseme mara tatu ili asikie.