Mbio Zenye Njuga

Mwanangu, siku ile nikiikumbuka, miguu inawasha mpaka leo, ingawa magoti yenyewe yalishanikimbia zamani. Nilikuwa kijana wa Ihanda, enzi za Wajerumani, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: mbio. Sikufukuzwa na mtu wala sikutumwa. Nilikimbia kwa sababu kukimbia ni kutamu, basi! Na nilikuwa na nia yangu: kuupanda mlima wetu kutoka kisimani hadi kileleni bila kutembea. Kila mara nilishindwa kwenye jiwe kubwa la katikati. Pumzi kwisha, miguu kugoma. Niliona uchungu we, acha tu.

Asubuhi hiyo nilishuka mbio katikati ya migomba. Bibi Koku, mjane jirani yetu, alikuwa anakata mkungu. Kuniona tu, akatupa panga, akashika kichwa, akapiga yowe. Sasa elewa, mwanangu: kwetu siku zile mtu mzima hakukimbia bure. Mkimbiaji alileta habari, na habari yenyewe ilikuwa kifo, au moto, au sotoka imeingia kwenye ng'ombe. Yowe likapokelewa kilima kwa kilima. Wanaume wakaja na mikuki. Wengine walikuwa wakikanyaga ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu, wakaja na miguu imegandwa na nyasi na maji ya ndizi.

"Nani kafa?" akauliza mzee wa kijiji.

"Hakuna, baba."

"Sasa unakimbilia nini?"

"Nakimbia tu."

Lahaula! Walinitazama kama mtu aliyesema anakula mawe. Na huko nyuma mbuzi walikuwa wameshaingia kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi, wanakunywa bila haya. Mzee akapandwa na hasira. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema. "Zako zimeishia hapa. Kuanzia leo utatembea kama wenzako." Nilirudi nyumbani nikilia, kijana mzima mwenye ndevu.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi Bibi Koku. Aliitikia shikamoo yangu, akaniketisha.

"Nilizaa watoto wawili," akasema. "Habari ya kufa kwao, wote wawili, ililetwa na mtu anayekimbia. Nikiona mbio, nawazika upya. Lakini wewe jana ulikuwa unacheka, mjukuu wangu. Ila uso wako niliuona ulipokwisha kufika karibu, roho imeshanitoka. Tafuta namna nikijue kicheko chako ungali mbali."

"Nitafanyaje, bibi?"

"Kwani mkimbiaji ni mimi?"

Nikawaza njia nzima. Kisha nikaelekea kwa mhunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nilimvutia mivukuto mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi, naye akanifulia njuga za miguuni, zile za wachezaji ngoma. Nikazipeleka kwa mzee wa kijiji. Nikamwambia, "Baba, aliyebeba msiba hawezi kuvaa hizi. Mkizisikia, endeleeni na rubisi yenu." Alizitikisa, akanuna, akazitikisa tena. "Haya," akasema, "lakini mbuzi wangu wasisikie." Kijiji kizima kilinicheka. Mchezaji huyo, ngoma yake iko wapi! Wacheke, mimi nimepata ruhusa.

Basi nikaanza kisimani, njuga zikilia. Watu walinyanyua vichwa, wakarudi kwenye majembe yao. Kufika kwenye jiwe, miguu ikaanza maneno yake ya siku zote. Nikaiambia, leo hapana, nyamazeni. Mara nikasikia kigelegele kutoka chini migombani. Alikuwa Bibi Koku, kwa kinywa kile kile kilichopiga yowe. Nikapita jiwe. Nikafika kileleni nikihema, hapana mtu, hapana zawadi, ukungu tu umelala bondeni, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sijapata kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu, na usimwambie bibi yako.

Miaka ilipita nikipanda mlima ule. Halafu Bibi Koku akafariki, na mimi ndiye niliyetumwa kwa ndugu zake kule Nyakahanga. Nilikaa kizingitini nikazivua njuga. Nilikimbia kimya njia yote. Waliponiona tu, kabla sijafungua mdomo, wanawake walikuwa wameshaketi chini wakilia.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia: ukipenda kukimbia, kimbia, na usingoje mtu akupe sababu. Jiwekee kilele chako mwenyewe, na likikushinda jiwe leo, rudi kesho, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila furaha yako isipite mlangoni kwa jirani ikimtia hofu. Mtangulizie sauti, ajue unakuja na nini.

Nenda sasa, njuga zile pale ukutani, ni zako. Mungu akupe pumzi ya kupita jiwe lako, akujalie mbio nyingi za njuga, na zile za kimya ziwe chache mno.